Masisi na Walikale: mtoto anaulizwa kwa lugha gani?

Familia zilizokimbia Masisi na Walikale ziliacha nyumba, ng'ombe, mashamba na karatasi. Kati ya karatasi hizo kuna buletini ya shule. Mtoto anafika Goma, Minova au Mubi bila buletini, na mkurugenzi wa shule hajui amwingize mwaka wa pili au wa nne. Njia iliyobaki ni kumwita, kumsimamisha mbele ya meza na kumwuliza kwa mdomo: unaitwa nani, ulifika mwaka wa ngapi, hesabu mpaka ishirini. Halafu mwalimu anageukia Kifaransa, na mtoto ananyamaza. Dakika tano za namna hiyo zinaweza kumrudisha nyuma miaka miwili.

Je, mtoto yule hajui, au hakusikia swali? Jambo hili halikuanza na vita vya sasa. Lina historia yake katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, na historia hiyo ni ya lugha nyingi kukutana katika darasa moja ambalo linakubali kusikia lugha moja tu.

Walikale ina sekta mbili, Wanyanga na Bakano. Humo mtoto anaweza kukua na Kinyanga, Kikano, Kirega au Kikumu. Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, pamoja na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Huko kuna Kihunde, Kinyarwanda, na Kitembo upande wa Ufamandu. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji walileta Masisi familia nyingi kutoka Rwanda kwa mpango walioutungia jina rasmi, Mission d'Immigration des Banyarwanda. Mpango huo uliendelea mpaka mwaka 1955 na kuhamisha makumi ya maelfu ya watu. Walipewa hata usultani wao, Gishari, ambao serikali ya kikoloni iliufuta mwaka 1957. Wengine waliosema Kinyarwanda walikuwa wamefika kabla ya mpango, na wengine walifika baadaye. Juu ya lugha hizo zote kukaa Kiswahili: lugha ya soko, ya askari, ya kanisa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lugha ya machimbo ya Bisie, ambako wachimbaji walitoka pande zote.

Kwa hiyo mtoto wa huku si wa lugha mbili tu kama vitabu vinavyosema. Ana ya mama, ana ya soko, na shule inamwongezea ya tatu.

Wakati wa ukoloni shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa lugha ya mahali au kwa Kiswahili, na Kifaransa kiliwekwa juu, kwa wachache waliotakiwa kuwa makarani na mapadri. Watu wengine leo wanasifu mpango ule kwa kuwa uliheshimu lugha za wenyeji. Sifa hiyo ina kasoro. Lugha ya nyumbani ilitumika hasa kwa sababu mtoto wa kijijini hakutazamiwa kwenda mbali, na Kifaransa kilikuwa mlango uliofungwa. Wazazi walielewa hivyo, ndiyo maana mpaka leo baba wa Masisi akisikia kwamba mwanawe atafundishwa Kiswahili au Kihunde, anaweza kudhani amenyimwa kitu.

Mwaka 1956, miaka minne kabla ya uhuru, jambo moja lilifanyika katika nchi ya Wanyanga ambalo kila mwalimu wa Walikale angepaswa kulijua. Mzee Shé-Kárisi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Aliimba, alicheza, akaigiza kila mtu wa hadithi, na wanakijiji wakamwitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliandika maneno yale na kuyatoa kitabu mwaka 1969, huko Marekani. Vyuo vikuu vya mbali vinakisoma. Mtu anayeshikilia hadithi ya siku 12 kichwani, pasipo kupotea, ana ujuzi wa kusema ambao hakuna karatasi ya shule iliyowahi kuupatia pointi hata moja. Na kijana aliyekaa pale akasikiliza na kuitikia mahali panapotakiwa, akifika darasani kesho yake na kuulizwa kwa Kifaransa, angeandikwa sifuri.

Kifaransa ndicho kilichoshinda. Mwaka 1962 serikali ya Kongo huru iliamua kwamba Kifaransa kitumike kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Sababu zilieleweka: nchi kubwa, lugha nyingi, hofu ya kugawanyika, na kiu ya wazazi ya kupata kile walichonyimwa. Lakini kwa mtoto wa Pinga au Nyabiondo, Kifaransa hakikuwa nyumbani wala sokoni. Mwalimu mwenyewe alikipata shuleni tu. Ikatokea kile ambacho wazee wengi wanakikumbuka: darasa zima linaitikia kwa sauti moja sentensi ambayo hakuna aliyeielewa. Ukisikia kutoka nje utadhani wanajua kusema. Mtihani wa mdomo wa namna ile unapima kumbukumbu ya masikio.

Mwaka 1974 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja, ingawa waliohusika hawakujuana. Mwezi wa Januari, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Huko San Francisco watoto wapatao 1,800 wenye asili ya China walikuwa wamekaa darasani bila kuelewa Kiingereza na bila msaada wowote. Majaji walisema kwamba kumpa mtoto kiti kilekile na kitabu kilekile si usawa, ikiwa haelewi linalosemwa. Baada ya hapo mashule ya Marekani yalitakiwa kuuliza kwanza: mtoto alianza kusema lugha gani, na nyumbani wanasema gani? Mwezi wa Mei mwaka huohuo, wataalamu wa lugha wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za nchi zitumike katika shule za msingi.

Kule mahakama ilikuwa na nguvu ya kulazimisha. Huku pendekezo liliingia katika programu, likatumika hapa na pale katika miaka ya kwanza ya shule, bila vitabu vya kutosha. Kahombo Mateene, yule Mnyanga wa kitabu cha Mwindo, aliendelea kulipigania jambo hili akiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Mwaka 1986 Umoja huo ulipitisha mpango wake wa lugha kwa bara zima. Ni ajabu kwamba lugha ya Walikale ilimtoa mtu aliyetetea lugha za mama mbele ya Afrika yote, na Kinyanga chenyewe kikabaki nje ya mlango wa darasa.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakwenda mbele zaidi: inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia katika shule ya msingi, na zifundishwe kama somo. Hata hivyo mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni wa kuandika na ni wa Kifaransa. Mtihani huo hausikii sauti ya mtoto.

Waliomsikiliza ni wengine. Tangu miaka ya 2000 kulienea duniani kipimo kinachoitwa EGRA, na Kongo ilikitumia. Mpimaji anakaa na mtoto mmoja, ana kwa ana. Anamsomea hadithi fupi na kumwuliza maswali, ili ajue kama mtoto anaelewa kwa kusikia. Anamwambia aonyeshe goti, kiwiko, dirisha, au aweke kalamu chini ya karatasi. Halafu anampa maandishi asome kwa sauti kwa dakika moja. Mstari wa kwanza ukimshinda kabisa, anasimamishwa bila kuaibishwa. Tanzania, Kenya na Uganda zilianza Uwezo mwaka 2009: wapimaji walikwenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hata mtoto asiyeingia shule alisikilizwa. Burundi nayo ilitoa somo zuri. Katika kipimo cha PASEC cha mwaka 2014 watoto wake wa mwaka wa pili waliulizwa kwa Kirundi, wakapita wenzao wa nchi tisa nyingine zilizoshiriki. Hakuna anayefikiri kwamba watoto wa Burundi wana akili kuliko wengine. Waliulizwa kwa lugha waliyokwisha kuijua.

Kongo haina Kirundi chake. Ukisema mtoto wa Masisi apimwe kwa Kiswahili, unapaswa kueleza Kiswahili kipi. Mtoto anasema *batoto*, *bitu*, *mi niko najua*. Kitabu kimeandika *watoto*, *vitu*, *mimi ninajua*. Mpimaji aliyefunzwa kwa kitabu anaweza kuhesabu makosa matatu pale ambapo hakuna hata moja, kwa kuwa mtoto amesema sawasawa kama watu wote wa kwao. Kosa la mtu anayejifunza lugha ni jambo moja, desturi ya usemi wa mahali ni jambo lingine, na karatasi ya kupima lazima iwe na njia ya kuzitenganisha. La sivyo Kiswahili kinakuwa Kifaransa cha pili.

Tena maneno ya mtoto wa lugha nyingi hayakai chungu kimoja. Vitu vya shamba, mihogo, mvua na mifugo anavijua kwa lugha ya nyumbani. Bei, simu na barabara anazijua kwa Kiswahili. Rangi na namba huenda anazijua kwa Kifaransa, kwa kuwa alizikuta shuleni. Ukimwuliza kwa lugha moja utaona chungu kimoja nusu tupu na kusema mtoto ana maneno machache. Ukihesabu alicho nacho kwa lugha zote, picha inabadilika. Hili halihitaji mashine wala feza nyingi. Linahitaji mpimaji anayekubali jibu la Kihunde kwa swali la Kiswahili, au mtu wa kumsaidia kuelewa kama mwenyewe hakijui.

Lakini hapa kuna shida ambayo San Francisco haikuwa nayo. Kuuliza "nyumbani mnasema lugha gani?" ni swali la shule mahali pengine. Katika Masisi na Walikale ni swali ambalo limeulizwa pia na watu wenye silaha. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na tangu hapo namna ya kutamka neno imewahi kumponza mtu wa kila upande. Mama anayejibu "Kiswahili" mbele ya meza ya mkurugenzi, wakati nyumbani wanasema Kihunde au Kinyarwanda, hadanganyi shule. Analinda watoto. Na mtoto aliyefundishwa kunyamaza asijulikane anatoka wapi, hawezi kufungua kinywa siku ya mtihani wa mdomo kwa sababu tu mwalimu ametabasamu. Kimya chake kitaandikwa "hakuna jibu".

Hofu hiyo inasafiri na watu. Familia za Kivu zilizopokelewa Marekani hukutana na fomu ya shule inayouliza lugha ya nyumbani, na wapo wanaoandika Kiswahili kwa mazoea yaleyale. Mkalimani wa Kiswahili anatafutwa, naye anaweza kuwa mtu wa pwani ambaye *batoto* inamshangaza.

Basi mwalimu wa huku anayetaka kumsikiliza mtoto kwa haki anaweza kuacha kabisa swali la kabila na la kijiji. Hana haja ya kuandika jina la lugha mbele ya jina la mtoto katika rejista. Anaweza kumpa picha, akamwachia aseme kwa maneno yoyote yanayokuja, pembeni, pasipo wenzake kumsikiliza, na siku ya tatu au ya nne badala ya siku ya kwanza. Hesabu apimwe kwa mawe au vijiti, ili Kifaransa kisimzuie mtoto anayejua kugawanya. Kifaransa kipimwe peke yake, kama somo, na matokeo yake yasiamue mwaka wa kuingia.

Mwezi Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo, Lushagala na Rusayo, zilibaki tupu kwa siku chache. Familia nyingi zilirudi Masisi, nyingine zikatawanyika tena. Kati ya waliorudi kuna watoto waliotoka kijijini wakiwa na miaka minne na kurejea wakiwa na saba, na miaka ile ya katikati waliishi kwa Kiswahili cha kambi. Sasa bibi anawaita kwa Kihunde wanamjibu kwa Kiswahili. Mwalimu wa kijiji aliyezoea kuanza mwaka wa kwanza kwa lugha ya mahali anaona nusu ya darasa haimfuati, na safari hii wanaonyamaza ni watoto wa palepale.