Lori la zamani linazima likiwa sailensi? Pima haya kabla ya kung'oa pampu

Lori limeshapakia vitunguu saumu Mbulu, safari ni kushuka Magara kwenda Babati. Dereva akiachia mafuta, injini inatetemeka, inapanda na kushuka, halafu kimya. Mteja anapiga simu, na fundi wa kwanza kufika anasema pampu imekufa, ing'olewe.

Usikurupuke. Kung'oa pampu ya dizeli ni gharama, na mzigo utalala njiani. Kwenye injini za zamani zisizo na kompyuta, kama zilizo kwenye Fuso na Isuzu nyingi za miaka ya nyuma, kasoro inaweza kuwa kabla ya dizeli kuifikia pampu. Vipimo vya mwanzo havihitaji hata fundi.

Kwanza: inazimaje?

• Inazima ghafla, kama umezima kwa ufunguo: angalia waya wa kuzimia injini au swichi yake ya umeme pale kwenye pampu. Huenda waya umekwama au umeme unakatika.
• Inakosa nguvu kidogo kidogo, kisha inazima: dizeli haifiki vya kutosha, au hewa imeingia.
• Inatetemeka ila haizimi: huenda silinda moja haichomi. Hapo ndipo watu husema gari linamisi.

Pima kwa mpangilio huu

1. Mfuniko wa tangi. Lori likianza kukosa nguvu, simama pembeni ufungue mfuniko. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu na injini ikarudi sawa, tundu la kupumulia limeziba. Vumbi la kiangazi linatosha kuliziba. Safisha, umemaliza.

2. Maji. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua koki ya chini ya filta ya maji au ya tangi, kinga kwenye chupa nyeupe. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini. Usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, unyevu huganda ndani ya tangi lisilojaa na kuwa matone. Ukiweza, lala na tangi limejaa.

3. Filta ya dizeli. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, badilisha. Kama umenunua mafuta kwenye madumu, fungua na ya zamani uone uchafu uliokamatwa.

4. Pampu ya mkono. Injini ikianza kufa, mtu apampu kwa mkono. Ikifufuka, dizeli ilikuwa haisukumwi vizuri: tafuta kati ya tangi na pampu hiyo ndogo.

5. Hewa. Sailensi inayopanda na kushuka ni dalili kubwa ya hewa kwenye dizeli. Wengi hutafuta mahali panapovuja, hawapaoni. Sababu ni hii: paipu ya kutoka tangini inavuta, haisukumi. Ikiwa na ufa inaingiza hewa ndani bila kudondosha tone nje. Kagua mipira iliyokauka, klipu zilizolegea na washa za shaba.

6. Kipimo cha dumu. Hiki ndicho kinachomaliza ubishi. Chukua dumu safi la dizeli, liweke juu kuliko injini, mbali na ekzosi. Unganisha mpira safi hadi pampu ndogo, toa upepo, washa. Injini ikitulia, pampu kubwa haina kosa. Kosa liko tangini au kwenye paipu. Ikiendelea vilevile, sasa una sababu ya kumwita fundi wa pampu.

Kama inamisi

Injini ikiwa sailensi, fundi hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja, husikiliza, hukaza, kisha huenda nyingine. Akilegeza na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo mgonjwa: nozeli, valvu au mgandamizo. Avae miwani, asiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwani presha yake hupenya ngozi. Kwenye injini za kompyuta kipimo hiki ni marufuku.

Moshi unasema nini

• Mweusi: hewa haitoshi au dizeli imezidi. Anza na filta ya hewa. Kumbuka kwenye mita 2,000 hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, hivyo injini isiyo na tabo itatoa moshi zaidi na nguvu itapungua. Mwinuko peke yake si sababu ya kuzima.
• Mweupe: dizeli haijaungua. Ukiisha injini ikipata moto, ni baridi tu. Ukiendelea, angalia nozeli, taimingi na mgandamizo.
• Wa bluu: oili inaungua.

Makosa mawili

La kwanza ni kupandisha skrubu ya sailensi ili lisizime. Umeficha ugonjwa. Injini nyingi za aina hii hukaa kati ya mizunguko 500 na 750 kwa dakika. Fuata kitabu chake.

La pili ni kununua dizeli ya bei poa usiyoijua. Iliyochanganywa mafuta ya taa hailainishi pampu. Uchakachuaji ulizidi mpaka mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Hapo pampu inakufa kweli.

Usishuke na lori linalozima

Injini ikizima kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito na kompresa haijazi tena upepo. Kila ukikanyaga breki unatumia akiba iliyobaki. Likikuzimia, usipampu breki: kanyaga mara moja kwa nguvu, simama, vuta hendibreki, weka vigingi kwenye matairi.

Vipimo vya tangi, maji na filta fanya juu, kabla ya kushuka. Asubuhi moja inatosha.