Majina Yaliyofichua Uvujaji wa Kumbukumbu

Mwaka 1960 jarida la Kimarekani, Communications of the ACM, lilichapisha majibu mawili kwa swali moja: ni nani afute kilichokwisha kazi katika kumbukumbu ya kompyuta, na lini? John McCarthy, alipoieleza lugha yake ya Lisp, aliiachia mashine yenyewe ikusanye vilivyotelekezwa. George Collins alitaka kila kitu kibebe hesabu ya marejeo yake: anayekishika aongeze moja, anayekiachia apunguze moja, na hesabu ikifika sifuri kifutwe papo hapo. Njia ya Collins haisimamishi programu ili kutafuta taka, lakini inadai uangalifu katika kila mstari. Ukisahau kupunguza, kitu hukalia nafasi hadi programu izimwe; huo ndio uvujaji wa kumbukumbu. Ukipunguza mara moja zaidi, unafuta kitu ambacho mwingine bado anakitumia.

Uchambuzi tuli, yaani kuisoma programu bila kuiendesha, ulikuja kuyanasa makosa haya, na sifa zimezoeleka kwenda kwa hisabati iliyo nyuma yake. Naona sehemu kubwa ya sifa hizo ni haki ya desturi ya majina ambayo watunga programu walijiwekea mapema. Waandishi wa programu katika Objective-C, lugha iliyotumiwa na Apple, walikuwa wamekubaliana kwamba anayepata kitu kwa wito unaoanza na "alloc", "new" au "copy" ndiye atakayekiachia kwa "release". Aliyekipata kwa jina jingine hana deni, isipokuwa amekishika mwenyewe kwa "retain". Kichambuzi cha kompaila ya Clang, kilichowafikia wengi mwaka 2009 kupitia Xcode 3.2, zana ya Apple ya kutungia programu, kiliyasoma majina hayo kama mkataba. Tuseme funksheni inaumba kitu, kisha inajaribu kufungua faili; faili lisipofunguka, inarudi mapema bila kukiachia kile kitu. Majaribio ya kawaida ni nadra kupita njia hiyo ya hitilafu. Kichambuzi huipita, kwa kuwa hakingoji faili likatae kweli, na jina "alloc" limekwisha kukiambia deni ni la nani.

Tazama pale desturi ilipolegea. Katika kiolesura cha C cha Python, PySequence_GetItem humkabidhi mwitaji rejeo analopaswa kuliachia, ilhali PyList_GetItem humwazima tu. Majina yanakaribia kufanana, wajibu umepishana kabisa. David Malcolm alipotengeneza cpychecker mwaka 2011 ili kukagua programu za namna hii, hakuweza kutegemea majina. Zana ilibidi ifundishwe tabia ya funksheni moja baada ya nyingine.

Kuna watakaosema kwamba bila hisabati majina yangebaki herufi tupu. Ni kweli kwamba kufuata njia za programu ni kazi ya hisabati, na nadharia ya mwanahisabati Rice ya mwaka 1953 inaonyesha kuwa hakuna zana itakayojibu sawasawa kwa kila programu. Lakini Patrick na Radhia Cousot walikuwa wameweka misingi ya kukadiria mwenendo wa programu mwaka 1977. Hisabati hiyo inaweza kuonyesha kwamba rejeo halikuachiwa. Kama lilipaswa kuachiwa hapo, hilo huamuliwa na makubaliano ya watu. Pingamizi zito zaidi ni la mizunguko, ambalo Harold McBeth alilieleza mwaka 1963: vitu viwili vikishikana, hesabu ya kila kimoja haifiki sifuri kamwe, hata kama kila funksheni imelipa deni lake. Hapo majina hayasaidii. Python iliongeza kikusanyaji cha mizunguko katika toleo la 2.0, mwaka 2000.

Apple nayo ilijaribu njia ya McCarthy kwenye Mac mwaka 2007, ikaanza kuiacha mwaka 2012. Kilichoshinda ni ARC ya mwaka 2011, ambamo kompaila yenyewe huingiza "retain" na "release", na kwa mizunguko mwandishi huweka alama ya "weak". Nayo husoma yale yale majina. Ndiyo maana kanuni zake zilimkataza mwandishi kuipa sifa ya kitu jina linaloanza na "new", mpaka abainishe jina tofauti la kuisomea.