Gari la Askari Lililopewa Wagonjwa

Katika kitabu cha Jubilei yapendeza kusoma habari za makanisa yaliyojengwa na za wazee waliotutangulia. Lakini mimi nataka kueleza habari ya kitu kidogo, nacho ni gari la polisi lililochakaa, likatolewa sadaka ili lichukue wagonjwa wa milimani. Huenda msomaji akacheka na kusema, "Gari bovu lina historia gani?" Na avumilie kidogo, kwa maana mizizi ya habari hii ni mirefu kuliko umri wa gari lenyewe.

Wamisionari wa kwanza kutoka Ujerumani walipofika Mlalo mwaka wa 1891, hapakuwa na barabara ya magurudumu katika milima yetu ya Usambara. Kila mtu alikwenda kwa miguu, na mgonjwa alichukuliwa kwa machela, vijana wakipokezana kwenye kila mlima. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka wa 1893, ikafika Mombo mwaka wa 1905, lakini ilipita chini tambarare, haikuweza kupanda kwetu. Kutoka Mombo mpaka Lushoto, mji ulioitwa Wilhelmstal zamani za Wadachi, ni kilomita kama 33, na njia yapanda ikizungukazunguka ukingoni mwa makorongo mpaka Soni, kisha yaendelea. Hata leo viko vijiji ambavyo mgonjwa wao hufikishwa barabarani kwanza kwa mabega ya watu, ndipo apate gari. Kwa hiyo kwetu sisi gari la wagonjwa si fahari, bali ni pumzi.

Tena, kugeuza chombo cha nguvu kuwa chombo cha rehema si jambo geni katika nchi hizi. Mwaka wa 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo sokoni. Mahali palipotoka kilio pakatoka sala.

Ukumbuke pia manowari ya Waingereza iliyoitwa London. Ilishushwa majini mwaka wa 1840, ikapigana katika vita vya Krimea, hata ilipokuwa kuukuu ikaletwa Unguja mwaka wa 1874, ikatia nanga bandarini ili iwe kituo cha askari wa bahari waliozuia majahazi ya watumwa. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi. Wengi waliookolewa na vyombo vya ulinzi ule walikabidhiwa kwa misheni, wakakaa Mbweni huko Unguja, na wengine Freretown karibu na Mombasa. Manowari yenyewe haikupewa mtu. Mwaka wa 1884 iliuzwa, ikavunjwa. Kilichotolewa sadaka ni watu, si mbao.

Na hapa milimani petu tunayo Lutindi. Mwaka wa 1896 palijengwa makao ya watoto waliotolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Biashara ile ilipokwisha, nyumba hazikuachwa ziwe magofu. Mnamo mwaka wa 1904 wakaanza kupokewa wagonjwa wa akili, watu ambao zamani zile mara nyingi walifungwa kamba nyumbani au kutiwa gerezani kama wahalifu. Mpaka leo Lutindi ni hospitali yao, na wengi hupata nafuu kwa kufanya kazi za mikono na za shamba. Kwa hiyo tumejifunza tangu zamani kwamba kitu kilichomaliza kazi yake ya kwanza chaweza kupewa kazi ya pili, nayo ikawa bora kuliko ile ya kwanza.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Meli ya misheni iitwayo Chauncy Maples, iliyoshushwa katika Ziwa Nyasa mwaka wa 1901 ili kuchukua walimu na wagonjwa, ilichukuliwa na serikali katika vita vya 1914 mpaka 1918, ikabeba askari. Chombo hakina dini wala moyo. Hufuata mkono ulioshika usukani.

Sasa nirudi kwa gari letu. Yapata miaka kumi na mitano iliyopita, zahanati moja ya mabondeni kwetu ilikuwa haina gari. Marafiki wa zahanati walisikia kwamba katika mji mmoja wa tambarare yatanadiwa magari ya serikali yaliyochakaa. Maana yafaa ijulikane kwamba gari la polisi si mali ya mkuu wa kituo, hata aligawe apendavyo. Lazima likaguliwe, lifutwe katika daftari kwa kibali cha Hazina, na kwa kawaida huuzwa mnadani mbele ya watu wote. Basi marafiki wale wakachanga, wakanunua Land Rover moja, ya namna ile ambayo watu huiita difenda, wakatuletea bure. Namba za PT zilikwisha kuondolewa, na king'ora pia. Lakini rangi ilikuwa ileile, na mabenchi ya nyuma yalikuwa yaleyale.

Tulilipokea kwa nyimbo. Juma lile lile akaja mama mmoja mzee, mwenye homa kali, anayetetemeka. Wanawe wakamwinua ili wampandishe. Alipoona mabenchi yale akashika mlango kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu walimchukua katika gari la namna hii kwa ajili ya miti ya msituni, naye hakurudi nyumbani mzima. Mimi sipandi." Tukamsihi sana, naye akakataa. Mwisho vijana wakakata miti, wakafunga blanketi, wakamchukua kwa machela, na gari likafuata nyuma tupu, polepole, kama mtu aliyetahayari.

Usiku ule sikulala. Nilifahamu ya kuwa sisi tuliona gari, na yule mama aliona karandinga. Wala hakukosa. Polisi walifanya kazi yao ya kulinda msitu, na msitu wetu ndio chemchemi ya maji yetu. Lakini machozi ya mama hayaulizi kwanza nani mwenye haki. Asubuhi tukakutana na wazee. Mzee mmoja akasema neno ambalo sijalisahau: "Mgeni akija na jina baya, hapewi kazi kabla ya kuogeshwa." Basi tukang'oa mabenchi, fundi seremala akatengeneza kitanda cha mbao chenye godoro. Tukalipaka gari rangi nyeupe lote. Kisha wazee wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakapanda kwanza, wakazungushwa bondeni mchana kweupe mpaka watoto wakalizoea. Yule mama alipona homa yake, na mwezi wa tatu alipanda mwenyewe kwenda kumtazama mjukuu wake hospitalini. Hakusema kitu. Aliketi tu akigusa ule ubao mpya.

Napenda ningeweza kumaliza hapa, lakini historia isiyotaja makosa ni nusu ya historia. Tulipewa gari, hatukujiuliza nani atalilisha. Gari kuukuu linalopanda milima hula matairi, breki na springi kuliko jipya, nasi hatukuweka akiba hata shilingi. Usiku mmoja wa masika mwanamke alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Gari lilikuwa limesimama juma la pili, matairi yamekwisha, betri imekufa. Vijana wakambeba kwa machela katika matope saa nyingi. Mama aliokoka, bali mtoto alizaliwa amekufa. Hatuna wa kumlaumu, si waliouza wala waliotupa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshukuru kwa mdomo tukasahau kushukuru kwa mfuko.

Baada ya msiba ule kila nyumba ilikubali kutoa kidogo baada ya mavuno, awe Mkristo au Mwislamu, kwa kuwa uchungu wa uzazi hauulizi dini. Fedha zikawekwa katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mganga wa zahanati na mmoja kwa mzee aliyechaguliwa na wanakijiji. Kwa fedha hizo gari lilitembea miaka minne zaidi, likachukua wagonjwa wengi. Sasa limesimama chini ya mti karibu na zahanati, kuku hutaga ndani yake. Lakini sanduku lingali lipo, na kwa sanduku hilo hukodishwa gari lolote lililo karibu mgonjwa apatikanapo.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe unacho chombo kilichomaliza kazi, nawe wataka kukitoa, kitoe kwa njia iliyo halali, ukiambatanishe na matairi yake, na uwaulize watakaokitumia wanakionaje. Na ikiwa wewe ndiwe upokeaye, usiimbe kabla hujahesabu gharama. Kwetu sadaka kubwa haikuwa lile gari. Ilikuwa ule ufunguo wa pili, uliotufundisha kwamba mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wetu, na kwamba machela ya mababu zetu hayakuwa ya miti na blanketi tu, bali ya mabega yaliyokubali kupokezana.