Majani gani yanaacha mupira ukimbie? Kutoka golfu mpaka kiwanja cha mutaa

Ku Lubumbashi, kila dereva wa taxi anajua Quartier Golf, hata kama hajawahi kuona mutu akipiga ule mupira mudogo mweupe. Jina la mutaa lilitoka ku kiwanja cha golfu. Hapa Fungurume, watu wengi wanajua mupira wa miguu, na viwanja vingi vyenye wanajua ni vya vumbi nyekundu. Lakini swali ni moja ku michezo yote mbili: juu ya nini mupira wenye kupigwa na nguvu ileile unaenda mbali ku kiwanja kimoja, na ku kingine unasimama karibu? Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya miguu. Ni aina ya majani.

Kuruka na kubingirika

Mupira wa golfu ni mudogo na mugumu. Sheria inasema uzito wake usipite gramu 45,93, na upana wake usiwe chini ya milimita 42,67. Muchezaji akiupiga, kwanza unaruka mu hewa. Kisha unaanguka, unadunda, na unabingirika mpaka kusimama. Umbali wote ni kuruka pamoja na kubingirika.

Kuruka kunategemea fimbo, mukono wa muchezaji na hewa. Fungurume iko mita 1.200 hivi juu ya bahari, na Kolwezi inapita 1.400. Ku mwinuko kama huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo mupira unaruka mbali kidogo kuliko ku Matadi ao Mombasa.

Kubingirika ni kazi ya kiwanja. Kila jani lenye mupira unalikunja linaupunguzia nguvu kidogo. Mambo ine ndiyo yanaamua: urefu wa majani, namna yanavyobanana, ugumu wa udongo, na maji. Majani marefu yanakamata mupira. Udongo wenye kulowa unameza nguvu yake ukianguka. Udongo mukavu na mugumu unaurudisha juu na kuuacha ukimbie.

Ku golfu, ile njia ndefu ya majani mafupi kati ya mahali pa kuanza na karibu na shimo inaitwa ferwei. Mara nyingi inakatwa ku milimita 10 mpaka 15. Karibu na shimo lenyewe, majani yanashuka mpaka milimita 3 hivi.

Kikuyu: majani ya kwetu yenye kushika mupira

Majani ya kikuyu yalipata jina ku kabila la Wakikuyu wa Kenya, lakini asili yake ni milima yote ya Afrika ya mashariki, pamoja na mashariki ya Congo. Wafugaji wa Masisi wanayajua sana, juu ngombe wao wanakula hayo. Miaka ya 1920 yalipelekwa California, Marekani, ili yazuie udongo kubebwa na maji. Leo kiwanja cha Riviera, kule Los Angeles, kinajulikana dunia nzima juu ya ferwei zake za kikuyu. Ku Nairobi pia, kiwanja cha Muthaiga kina majani hayo.

Kikuyu ina mikono minene yenye kutambaa juu ya udongo, moja juu ya ingine, mpaka inakuwa kama godoro. Mupira unakaa juu yake muzuri, na fimbo inaufikia bila shida. Lakini ukianguka, godoro lile linauzuia. Muchezaji mwenye kutaka mupira udunde mbele kisha ubingirike mpaka ku shimo, mara nyingi anaona umeshikwa palepale. Kwa hiyo ku kikuyu watu wanajifunza kupiga juu, waufikishe kwa kuruka.

Bermuda: majani membamba, mbio nyingi

Majani yenye Wazungu waliyapa jina la Bermuda yalitoka pia upande huu wa dunia. Jina lake la sayansi ni Cynodon dactylon. Wakulima wa Lualaba wanayakuta kila siku ku kando ya barabara na mu mashamba: majani mafupi, yenye kutambaa, yenye kichwa chenye vidole vitatu, vine ao vitano. Ukiyangoa leo, kesho yanarudi.

Majani yake ni membamba, yanabanana, na yanavumilia kukatwa chini sana. Juu yake mupira unapata njia sawa na unabingirika kuliko ku kikuyu. Mwaka wa 1960, mutafiti Glenn Burton, ku Tifton, Marekani, alitoa aina yenye kuitwa Tifway. Ni mutoto wa Bermuda ya kawaida na ndugu yake wa Afrika ya Kusini, Cynodon transvaalensis. Tangu pale imepandwa ku viwanja vingi vya golfu na vya mupira wa miguu mu inchi za joto.

Bermuda ina tabia moja ya kuangalia: inapenda kulala upande mumoja. Mupira wenye kufuata upande ule unakimbia, na wenye kwenda kinyume unachelewa. Wakati wa kipwa, kama haimwangiliwi, inageuka rangi ya kahawia na inalala usingizi. Haijakufa, mizizi yake iko hai chini. Ni wakati ule udongo unakauka na mupira unaenda mbali zaidi.

Majani ya inchi za baridi na ya bahari

Kule Scotland, golfu ilianza ku viwanja vya kando ya bahari, vyenye muchanga na majani membamba sana ya baridi yenye kuitwa feskyu. Maji yanashuka haraka mu muchanga, kwa hiyo mupira unabingirika sana, na wachezaji wanaupiga chini kusudi. Majani yale hayawezi joto la huku.

Ku pwani za inchi za joto kuna paspalum, yenye kuvumilia hata maji ya chumvi. Inashikilia mupira juu, lakini inaupunguzia mbio.

Namna ya kupima

Mwaka wa 1935, Mumarekani Edward Stimpson alitengeneza ubao wenye mufereji. Mupira wa golfu unaachwa ushuke, kisha wanapima umefika wapi. Chama cha golfu cha Marekani kilianza kukitumia mu miaka ya 1970, na mpaka leo ndicho kipimo cha majani ya karibu na shimo.

FIFA inafanya vile ku majani ya plastiki, kama yale ya kiwanja cha TP Mazembe ku Kamalondo. Mupira unashuka toka urefu wa mita 1. Ku kiwanja cha kiwango cha juu, unapaswa kubingirika kati ya mita 4 na 8.

Vijana wa mutaa wanaweza kujaribu jambo hili na ubao wa kawaida. Upande mumoja uwekwe mita 1 juu, mupira uachwe bila kusukumwa, na hatua zipimwe mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Ukisimama mbele ya mita 4, majani ni marefu ao kumelowa. Ukipita sana mita 8, kiwanja ni kigumu ao hakina majani.

Ku Lualaba, tupande gani?

Kiwanja cha vumbi kinaonekana cha mbio, lakini mupira unadunda ovyo, magoti yanachunika, na watoto wanavuta lile vumbi. Kwa hali ya hewa ya hapa, yenye mvua toka mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu ao wa ine, kisha miezi mingi ya ukavu, Bermuda ndiyo inafaa zaidi. Kikuyu inapenda baridi ya milima na inaomba maji mengi wakati wa kipwa, wakati familia nyingi zinatafuta maji ya kunywa.

Haiombi kununua mbegu. Mikono yake inakatwa vipande, inapandwa kwa mistari mvua ikianza, na kiwanja kinapumuzika mpaka majani yafunike udongo. Kisha kinakatwa kila mara, hata na kupe-kupe, ili majani yabanane. Haipendi kivuli cha miti. Na isipandwe karibu na shamba la mahindi, juu itaingia na mukulima ataumia.

Udongo wenyewe pia unapaswa kuangaliwa. Vilima vya Fungurume vyenye kukosa miti viko vile juu ya shaba mingi mu udongo, na majani mengi ya kawaida hayaoti pale. Ku Penga-Penga, Lubumbashi, mahali moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba uliua mimea, watafiti walijaribu majani ya kwetu yenye kuitwa Microchloa altera, yenye kuvumilia shaba, ili yafunike udongo. Kwa hiyo mbele ya kupanda kiwanja kizima, ni vizuri kupanda kwanza kipande kidogo na kungoja mvua moja. Kama majani yanageuka njano na kufa, tatizo halitoki ku mbegu, linatoka ku udongo, na ni afazali kutafuta mahali pengine.