Mkaratusi wa koala, visiki vya Benaco

Koala anakula majani ya mkaratusi, na karibu hakuna kingine. Ndiyo maana huko Australia watu wa kujitolea wanautumia muda wao kupanda mikaratusi, hasa tangu Februari 2022 mnyama huyo alipotangazwa kuwa hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Kwao ule ni mti wa asili. Sasa wewe toka Biharamulo uelekee Ngara, uhesabu mikaratusi njiani. Koala hata mmoja hutamwona!

Nachokoza kwa sababu huku kwetu tukisikia "kurudisha uoto" tunawaza miche kwenye viriba. Historia ya hapa inasema vingine.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco, Ngara. Anayepika lazima apate kuni. Miti ikakatwa mbali kuizunguka kambi, na wanyama wa Burigi wakawindwa sana. Desemba 1996 wengi wakarudi kwao.

Vilibaki visiki. Na mti wa miyombo ukiukata haufi: mizizi ipo hai, unachipua. Kinachomaliza chipukizi ni moto wa kila kiangazi, mifugo, jembe na tanuri la mkaa. Kazi basi ni kulinda, kuchagua chipukizi chache zenye nguvu na kupogoa nyingine. Dodoma wanaita njia hii kisiki hai.

Inafanya kazi? Nenda Shinyanga. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa ili kumnyima mbung'o makazi, kisha pamba na mifugo vikaendeleza. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichobeba mradi, kwa maoni yangu, ni ngitili: desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lisaidie kiangazi. Ngitili za hekta 600 hivi zikazidi hekta 300,000 kufikia 2004. Ndege walirudi. Fisi nao wakarudi, mbuzi wakalipia.

Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kwa hiyo ndani ya mpaka kuna askari. Nje ya mpaka kuna wewe na kamati ya mazingira ya kijiji chako. Wakija na miche ya mikaratusi, waulize kwanza kama wamekagua visiki. Palahala anakula nyasi za chini ya miyombo, na chini ya mikaratusi iliyobanana nyasi huwa za kutafuta.