Jicho la mnunuzi wa mbao, kutoka Walikale hadi Goma

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na mto wa moto ukapita katikati ya Goma. Watu waliporudi walikuta viwanja vyao vimezikwa chini ya mwamba mweusi, na kuchimba msingi humo ni adhabu. Wengi walijenga nyumba za mbao: zinasimama juu ya mawe, ni nyepesi, na ukilazimika kuhama unazibomoa na kuzipigilia upya kwingine.

Upande wa magharibi wa Goma, mbao hutoka kwenye maeneo mawili yasiyofanana hata kidogo. Walikale ni msitu mkubwa wa bonde la Kongo, wenye muvula na miti mingine ambayo hakuna aliyeipanda. Masisi ni milima ya baridi. Huko msitu ulifyekwa mapema, hasa baada ya 1937, Wabelgiji walipoanza kuhamishia familia kutoka Rwanda eneo la Gishari. Kati ya mashamba na malisho ukaenea mkaratusi, mti wa asili ya Australia.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomfundisha mnunuzi kutazama. Kiini cha kahawia cha muvula kinastahimili mchwa na mvua, kwa hiyo anachohofia ni ukingo mweupe wa nje, unaoliwa upesi.

Mkaratusi una hila zaidi. Shina lake hukua limejikaza, nje likivuta na katikati likibanwa. Msumeno ukipita, mkazo ule unaachiliwa, nayo mbao inapinda au kupasuka kichwani. Ndiyo maana mnunuzi hunyanyua ncha moja hadi usawa wa jicho, akafumba la pili, akafuata ukingo mpaka mwisho. Kisha hugeukia vichwa. Ufa mfupi utakatwa. Unaokimbia na urefu wa mbao umeshaigeuza kuni. Fundo lililoshikana vizuri ukutani halina neno, lakini jeusi linalocheza litadondoka na kuacha tundu. Halafu uzito: mbao mbichi ikipigiliwa, hunywea ikikauka, na upepo wa usiku unapata njia.

Ukaguzi huu si ushamba wala ubishi wa bei. Mbao iliyopasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, ikabebwa begani hadi barabarani, haina muhuri wa daraja. Sheria ya misitu ya Kongo ya 29 Agosti 2002 inaweka utaratibu wa vibali vya kukata miti. Lakini ubora wa ubao wenyewe unamtegemea anayeununua.

Ubovu mwingine huanzia shambani. Goma hupikia makala, yaani makaa, na tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umehimiza wakulima kupanda miti ya makala ili mbuga ya Virunga ipumue. Ni kazi njema sana. Ila mti unaokatwa ukiwa mchanga hutoa mbao nyembamba, zenye moyo wa mti katikati, na hizo ndizo hupasuka kwanza. Wenye mashamba ya Masisi, acheni walau mstari mmoja wa mikaratusi ukomae kwa ajili ya mbao.