Aproni Nyeupe, Mwaka wa Nguo Nyeusi

Katika jamii ya Kikristo ya Waamishi huko Pennsylvania, Marekani, maharusi hupewa masufuria, mablanketi, zana za shamba, na mara nyingi buku moja lenye kurasa zaidi ya elfu moja. Linaitwa Kioo cha Mashahidi, kazi ya Mholanzi Thieleman van Braght iliyotoka mwaka 1660. Kwa arusi ni zawadi ya kushangaza. Ndani yake mna waliochomwa moto, waliozamishwa mitoni na waliokatwa vichwa kwa ajili ya imani yao, pamoja na barua walizowaandikia wake na waume zao kutoka kifungoni.

Jerome Segers na mkewe Lijsken Dircks wamo humo. Walifungwa Antwerp mwaka 1551, kila mmoja chumba chake, mke akiwa mjamzito, wakawa wanaandikiana. Mume alichomwa moto mwaka huohuo. Mke akangojewa ajifungue, kisha mwaka 1552 naye akazamishwa mtoni. Miezi yote ya ujane wake aliikaa gerezani, na faraja aliyokuwa nayo ni Maandiko na barua za marehemu. Bibi arusi wa Kiamishi huanza maisha ya ndoa na habari hiyo ikiwa kabatini mwake.

Mwanzo wa mashahidi hao na wa Waamishi ni Zürich, mwaka 1525, pale kikundi kidogo kilipobatizana utu uzimani na kukataa ubatizo wa watoto wachanga. Serikali na makanisa makubwa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yaliwasaka. Mwaka 1693 Jakob Ammann aliyetaka nidhamu kali zaidi alijitenga na wenzake, na jina lake ndilo lililozaa Waamishi. Karne ya 18 wakaanza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania. Waliobaki upande wa pili wa mgawanyiko ule ni Wamennonite, ambao msomaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, anawafahamu: wamisionari wao kutoka eneo la Lancaster walifungua kituo Shirati mwaka 1934.

Sasa tuingie msibani. Mume akifa, mjane haachiwi kazi hata moja. Majirani wanaume hukamua ng'ombe na kulisha farasi. Wanawake hushika jiko na kufua. Wengine huchimba kaburi kwa majembe na sepetu. Maiti hutayarishwa na mtu wa kazi hiyo wa mjini, kisha hurudishwa nyumbani, na jamaa wa jinsia yake ndio humvika nguo nyeupe. Mwanamke mara nyingi huzikwa na aproni aliyoivaa siku ya arusi yake, iliyokuwa imekunjwa na kutunzwa miaka yote hiyo. Jeneza ni la mbao tupu. Hakuna mashada ya maua, wala hakuna anayesimama kusoma wasifu wa marehemu. Mahubiri yanamhusu Mungu. Siku ya tatu magari ya farasi huandikwa namba kwa chaki ili msafara wa makaburini usivurugike.

Hadi hapo, mtu wa pwani au wa bara hatashangaa sana. Sisi nasi tunajua kukesha na kupika msibani. Tofauti iko baada ya tanga kuanuliwa, wakati jamvi limekunjwa na mfiwa amebaki na kuta zake. Waamishi hapo ndipo wanapoanza. Mjane huvaa nyeusi kila atokapo kwa mwaka mzima. Aliyefiwa na babu au bibi huvaa miezi sita, na aliyefiwa na binamu wiki sita. Nguo hiyo inawaambia watu jinsi ya kumkabili. Na wageni hawakatiki: wiki za kwanza huja jioni kwa jioni, kisha kila Jumapili, hata mwaka utimie. Wengine hukaa tu, wasiseme neno.

Wajane wenyewe wana desturi ya barua ya mzunguko. Bahasha moja nene husafiri kwa posta kutoka mjane hadi mjane, labda Ohio, kisha Indiana, kisha Pennsylvania. Kila aipokeaye husoma za wenzake, hutoa barua yake ya zamani, hutia mpya na kuituma mbele. Wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Uzee ukifika, mjane huhamia kwenye kijumba kilichounganishwa na nyumba ya mwanawe, ambako anawasikia wajukuu kupitia ukuta.

Haya yana gharama zake. Jamii inayomkumbatia mfiwa namna hii ndiyo inayomtenga aliyebatizwa kisha akaiacha, na mjane anayetaka kulia kwa sauti huenda akaona utulivu wa wenzake unamlemea.

Mwaka 2006 desturi hiyo ya kumkumbatia mfiwa ilivuka mpaka wa jamii yao. Tarehe 2 Oktoba dereva wa gari la maziwa, ambaye hakuwa Mwamishi, aliingia katika shule ya Nickel Mines, wilaya ya Lancaster, akawapiga risasi wasichana kumi kisha akajiua. Watano walikufa. Siku hiyohiyo Waamishi walikwenda kumpa pole mke wa muuaji, aliyekuwa mjane wa saa chache mwenye watoto watatu. Siku ya kumzika mumewe, Waamishi walijaa makaburini, baadhi yao wakiwa wazazi waliozika mabinti zao siku moja au mbili kabla.

Wengine walisema kusamehe kwa namna hiyo kulikuwa kwa haraka mno. Lakini Waamishi hawakusema kwamba maumivu yameisha. Baadhi ya familia zilipata msaada wa washauri nasaha. Mjane yule, Mkristo wa kanisa jingine, aliwaandikia majirani barua ya wazi ya shukrani. Shule ilibomolewa siku kumi baada ya mauaji, mpya ikafunguliwa Aprili 2007, na sehemu ya michango iliyomiminika kutoka nje kwa ajili ya waliofiwa ilipelekwa kwake na kwa watoto wake.